Chini ya Mpira, Juu ya Mpira

Zaina mwanangu,

Jana uliniuliza kwa nini ndani ya kifuniko cha sanduku lako jipya kuna vipande viwili vya mbao kuukuu vyenye rangi nyekundu, nami nikakujibu kwamba mbao zilikuwa zimeisha. Ulinitazama kama unavyomtazama muuza samaki anayeapa kuwa samaki wake ni wa leo asubuhi. Ulikuwa na haki. Mbao hazikuisha. Vile vipande viwili nilivikata makusudi kutoka kwenye kitu unachokifahamu, na barua hii nimeibana kati ya vipande hivyo ili uikute ukifungua sanduku huko majini, ukiwa mbali kidogo, mahali ambapo huwezi kurudi nyumbani kunigombeza.

Mama yako amekupeleka kusukwa nywele. Kwa jinsi ninavyowajua wasusi wa mtaa wetu huu wa Mangobo, nina muda wa kuandika barua hii, kuichana na kuiandika tena mara mbili kabla hamjarudi. Nimeketi juu ya sanduku lenyewe, maana viti vyote vya nyumba hii vinamsubiri seremala wa nyumba hii avitengeneze, na seremala huyo unamjua.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na watu wa kukwepa ndani ya boti sitazigusa. Mama yako amekwisha kuzisema, na kesho asubuhi atazisema tena akiwa ameshika mkono wako, na boti itachelewa kuondoka kwa sababu yake. Mimi nina jambo moja tu, na hilo nalo silielewi vizuri. Nimelifikiria miaka mitatu. Kila ninapodhani nimelishika upande huu, linanitoka upande ule.

Ukifika Kinshasa, atakayekupokea bandarini ni Tonton Asumani, mjomba wako wa heshima. Utalala kwake, utakula kwake, na kutoka kwake utakwenda chuoni kujifunza kunyoosha viungo vya watu. Mama yako na mke wake wamekwisha kupanga yote. Wiki iliyopita nilikuwa nje ya jikoni nikakusikia ukimwambia mama yako, kwa sauti ile ya chini unayodhani siisikii: "Mama, miye nilale kwa ule mwizi ya upepo?"

Zaina, maneno hayo si yako. Ni yangu. Niliyatia mimi kinywani mwako, ukiwa na miaka kumi na mitatu. Nataka kuyachukua kabla hujashuka kwenye ile boti na kumtazama mtu yule machoni. Ndiyo kazi yote ya barua hii. Sasa nikueleze kwa utaratibu, ingawa utaratibu wangu unaufahamu pia.

Watu wa mji huu wanaodunda mpira waliniita Papa Rebond, yaani baba wa mdundo, na wewe ulikuwa unalionea haya jina hilo mbele ya marafiki zako. Lilianza hivi. Ligi ya basketi ya wasichana ilikuwa na timu sita, na kila timu ilikuja uwanjani na mpira wake. Mpira mmoja ulianguka chini ukabaki hapo kama muhogo uliochemshwa. Mwingine ulirukaruka kama panzi. Kila Jumamosi ugomvi ulianza kabla ya mchezo, na ulikuwa mtamu kuliko mchezo. Kamati ya ligi ikasema, bon, atafutwe mtu mmoja apime mipira yote, na mpira asioupitisha usichezwe. Wakanijia mimi. Usidhani ni kwa sababu nilijua basketi. Nilikuwa nadhani mchezo unaisha timu ikifika mabao kumi. Walinijia kwa sababu nilikuwa na futi ya chuma ya kupimia, na karakana yangu ilikuwa karibu na uwanja.

Wakanipa karatasi moja ya sheria, kwa Kifaransa, iliyopigwa kopi mpaka herufi zimechoka. Ilisema kwamba mpira uachwe udondoke kutoka mita moja na sentimita themanini, ukipimwa chini ya mpira. Ukidunda, ufike kati ya mita moja na ishirini na mita moja na arobaini, ukipimwa juu ya mpira.

Nilisoma mstari ule mara tatu. Chini ya mpira, juu ya mpira. Babu yako, ambaye alinifundisha kazi hii huko Kindu, alinipiga kofi mara moja tu maishani. Ilikuwa kwa sababu ya kigoda ambacho mguu wake mmoja ulizidi kwa unene wa msumeno. Nilikuwa nimeanza kupima upande mmoja wa alama nikamalizia upande wa pili. Kofi lile bado liko sikioni. Seremala akianza kupima ukingo huu, anamalizia ukingo huuhuu, na hakuna karatasi itakayomwambia vingine. Basi nilicheka. Nikasema, mahali fulani huko mbali kuna karani aliyesinzia akiandika. Nikatoa penseli ya mbao nyuma ya sikio, nikafuta neno "juu", nikaandika "chini".

Fikiria hilo, mwanangu. Sheria inayofuatwa na dunia nzima, na baba yako wa Mangobo akaisahihisha kwa penseli ya kuchorea miguu ya meza.

Kisha nikatengeneza ile nguzo. Nilijivunia nguzo ile kuliko kitanda cha arusi nilichomtengenezea mama yako, naye anajua hivyo. Juu kulikuwa na kibao kidogo cha kuwekea mpira, kwenye mita moja na themanini. Chini yake mistari miwili myekundu, mmoja kwenye mita moja na arobaini, mmoja kwenye mita moja na ishirini. Niliutega mpira, nikauachia, nikainama na jicho moja limefumbwa, nikaangalia chini ya mpira imefika wapi. Ikiwa haikufika mstari wa ishirini, nilichukua pampu. Nilikuwa mtu makini sana. Niligundua mwenyewe kwamba mpira ulioachwa juani unaruka zaidi, kwa hiyo nilikuwa naiweka mipira yote kivulini chini ya kitambaa chenye maji kabla ya kuipima. Makocha walikuwa wanatazama kitambaa kile wanaogopa. Mtu mwenye kitambaa kama kile hawezi kuwa mjinga.

Sasa chukua mpira wa wasichana, uuweke mezani, uupime upana wake. Ni sentimita ishirini na tatu hivi. Hizo ndizo nilizoziongeza. Mpira ambao kwangu ulifika mita moja na ishirini chini yake, kwa sheria ulikuwa umefika mita moja na arobaini na tatu juu yake, na kwa sheria ulipaswa kukataliwa. Msimu mzima wasichana wa Kisangani walicheza na mawe. Niliwasikia makocha wakisema mipira ya mwaka huu ina nguvu, nami nikachukua kuwa ni sifa.

Siku ya fainali unaikumbuka vizuri kuliko mimi. Ninyi wa Mangobo na wasichana wa Kabondo. Tonton Asumani ndiye kocha wenu, amevaa lile shati lake la bahati ambalo lilikuwa limekosa bahati mwaka mzima. Mimi na Asumani tulikuja mji huu pamoja tukiwa vijana, tulilala godoro moja miaka miwili, na yeye ndiye aliyekwenda kwa wazazi wa mama yako kusema kwamba mimi ni mtu mwenye akili. Asubuhi ile nilipima mpira mbele ya watu wote. Haukufika mstari. Nikautia upepo mpaka ukafika, nikaupiga kofi kama mtu anavyopiga punda, nikasema, "Huu sasa ni mpira."

Baada ya mapumziko mliporudi uwanjani, kocha wa Kabondo alisimama akapiga kelele kwamba mpira umebadilika. Mchezo ukasimama. Nguzo ikaletwa. Nilitega mpira, nikauachia, nikaangalia chini yake: mita moja na sentimita tano. Nikarudia mara tatu mbele ya kila mtu. Mita moja na tano. Niliandika katika daftari langu, na namba hiyo bado ninayo.

Nilimgeukia rafiki yangu. "Asumani," nikasema, "umegusa mpira?"

"Nilitoa upepo," akasema. "Kidogo."

Hakuongeza neno. Nilimpa nafasi, kweli nilimpa. Nilisimama pale namngoja aseme sababu, hata ya uongo, na yeye anatazama viatu vyangu. Basi nikawaambia kamati nilichokiona. Kombe likaenda Kabondo. Asumani akafungiwa misimu miwili. Mwaka ule ule akapanda boti na mke wake kwenda Kinshasa, na mimi sikwenda bandarini kumuaga. Nilikuwa na mlango wa kumaliza. Mlango ule ulinichukua siku nne.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuandika haraka.

Jioni ya fainali ulikuja mezani umeficha mkono wa kulia chini ya meza. Mama yako akauvuta. Kidole chako kidogo kilikuwa kimevimba kama ndizi. Nikakuuliza umeumia saa ngapi. Ukasema: "Kabla ya mapumziko, papa. Mpira ulinipiga kwa ncha ya kidole."

Nami nikakuambia hapana. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na elimu, na hivyo viwili vikikutana ndani ya mtu mmoja, mtu huyo hasikii. Nikakueleza, nikiwa na kijiko mkononi, kwamba mpira uliotolewa upepo unakuja pole na kuvidanganya vidole, kwamba umeumia baada ya mapumziko, na kwamba maumivu yamekuchanganya. Ukasema tena, kwa sauti ndogo zaidi, "Ilikuwa kabla." Nikasema, "Zaina, nani anayepima mipira katika nyumba hii?" Kisha nikasema kwamba mtu anayeiba upepo ataiba kila kitu, na kwamba Asumani ndiye aliyekivunja kidole chako.

Uliinamia sahani yako. Nilidhani umeelewa. Sasa najua kwamba ulikuwa unakihamisha kichwani mwako kitu ulichokiona kwa macho, kutoka kabla ya mapumziko kwenda baada yake, kwa kuwa baba yako amesema kipo huko. Ulifanya kazi hiyo vizuri. Mwaka uliofuata nilikusikia ukimsimulia binamu yako, na ilikuwa baada ya mapumziko.

Kidole kilipona kimepinda. Basketi uliiacha. Na tangu siku zile, ukimsalimia mtu mgeni unakikunja kile kidole ndani ya kiganja, unatoa vinne. Unadhani hatuoni. Mama yako anadhani unaona haya. Mimi sikuwa nadhani chochote, mpaka miaka mitatu iliyopita.

Miaka mitatu iliyopita kamati ilileta mwamuzi kutoka Bukavu kutufundisha, mama mmoja mdogo kwa umri, filimbi shingoni, anatafuna karanga wakati wote. Nilimwonesha nguzo yangu. Akaisifu sana, akaigusa mistari. Kisha nikadondosha mpira, nikainama, nikafumba jicho. Akaniuliza naangalia wapi. Nikamwambia, chini ya mpira.

"Hapana, papa," akasema. "Chini ni ya kuanzia. Juu njo ya kumalizia."

Nikamuuliza kwa nini. Nilimuuliza kwa nguvu, nilitaka kweli kujua, kwa sababu sikio langu lilikuwa limeanza kuwaka pale babu yako alipopiga. Mtu mwenye akili anaanza vipi ukingo mmoja na kumaliza ukingo mwingine? Akatafuna, akafikiri. "Njo sheria," akasema, akaenda kupima neti.

Nilirudi nyumbani nikatoa daftari. Mita moja na tano, ongeza ishirini na tatu. Mita moja na ishirini na nane. Niliandika hesabu hiyo juu ya ubao, kisha juu ya ukuta, kisha mkononi, kana kwamba ingebadilika. Ishirini na nane iko karibu katikati ya mistari miwili. Mpira ambao Asumani aliutoa upepo akikadiria kwa kidole gumba chake, bila futi, bila nguzo, bila kitambaa chenye maji, ndio ulikuwa mpira wa kwanza halali katika msimu ule wote. Na mpira niliokuwa nimeupiga kofi asubuhi nikasema "huu sasa ni mpira", ndio uliokipiga kidole chako kwa ncha. Kabla ya mapumziko.

Ungedhani kwamba siku ile ile nilikuita nikakuambia. Mimi pia ningedhani hivyo. Badala yake nilianza kusoma. Nilimwomba binamu yako anitafutie katika simu namna wanavyopima michezo mingine, nikitumaini kukuta mahali ambapo mimi ndiye sahihi. Mpira wa tenisi wanaudondosha kutoka sentimita mia mbili hamsini na nne. Nilimuuliza binamu yako kwa nini si mia mbili hamsini, hizo nne ni za nani, na yeye akasema labda ni urefu wa mtu fulani. Mpira wa miguu wanaudondosha mara kumi juu ya bamba la chuma, hata kama hakuna mtu duniani anayecheza juu ya bamba la chuma. Katika ping-pong ni meza inayopimwa: dondosha kimpira kutoka sentimita thelathini, kirudi kama ishirini na tatu, kila mahali pa meza. Nilikwenda kuipima ile meza ya ping-pong niliyowatengenezea walimu. Upande mmoja kilirudi ishirini na tatu. Upande wa pili kilirudi kumi na sita, kikajilaza. Sijawaambia walimu. Nimeona kwamba mwalimu mkuu anapenda kusimama upande ule mzuri.

Na mwishoni binamu yako akaniambia, akicheka, kwamba sheria ya basketi yenyewe imebadilishwa. Kama simu yake haidanganyi, siku hizi wanaanza chini ya mpira na kumaliza chini ya mpira, kama seremala, lakini na namba nyingine: kutoka mita moja na sentimita tatu na nusu hadi nane na nusu. Kwa hiyo Kindu walikuwa sahihi na babu yako alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa sahihi kabla ya wakati na namba zisizo zangu. Nikaangalia tena daftari. Mita moja na tano. Mpira wa Asumani unapita hata katika sheria mpya. Hakuna sheria ninayoweza kuipata, ya jana wala ya leo, ambayo mpira ule haupiti.

Lakini, Zaina, ngoja, maana hapa ndipo kichwa changu kinapozunguka. Kocha haruhusiwi kugusa mpira uliopitishwa. Hilo liko wazi katika kila karatasi. Asumani aligusa, kwa siri, wakati wa mapumziko. Kwa hiyo kosa lilikuwepo. Mkono ulikosea na mpira ukawa sawa. Mkono wangu haukukosea, ulifuata utaratibu wote mbele ya watu, na mpira ukawa jiwe. Nani afungiwe? Nimejaribu kupanga jambo hili kama ninavyopanga droo ndani ya kabati, na kila mara droo moja inabaki nje.

Basi nikakaa nalo miaka mitatu. Sina udhuru mzuri. Kila wiki kulikuwa na mlango wa kumaliza.

Uliposema maneno yale jikoni, nilikwenda karakanani nikaikata nguzo kwa msumeno. Mistari miwili ndiyo niliyoibakiza, nikaipigilia ndani ya kifuniko chako. Na leo asubuhi, mlipokuwa sokoni kununua makayabu, wale samaki wa chumvi, ya kupeleka kwa wenyeji wako, nikampigia Asumani simu.

Hatujazungumza miaka sita isipokuwa kwa kupitia wake zetu. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi. Nilimsomea yote, chini ya mpira, juu ya mpira, ishirini na tatu, ishirini na nane. Nilipomaliza nilisikia redio ya jirani yake. Kisha akasema:

"Unanisumbua, Papa Rebond. Miye nilishazoea kuwa mwizi."

Nikamwambia hakuwa mwizi. Akasema alikuwa. Alitoa upepo, na hakupaswa kutoa. Nikamwambia mpira ulikuwa halali. Akasema hakujua kwamba ulikuwa halali, kwa hiyo aliiba hata kama hakuna kilichopotea. Tukabishana hivyo kwa dakika kadhaa, kila mtu anavutia kosa kwake, kama wanaume wawili wanaogombea kulipa chai. Mwisho nikamuuliza neno nililolingoja siku ile uwanjani. Kwa nini alitoa?

"Mutoto alikuja kwangu na kidole ya kuvimba," akasema. "Iko analia bila sauti, hataki nimutoe ndani ya mchezo. Nikashika mpira. Ilikuwa nguvu sawa jiwe. Nikatoa kidogo, aweze kucheza."

"Na kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Papa ya mutoto njo alikuwa amepima."

Umeelewa, Zaina? Alitazama viatu vyangu kwa sababu hiyo. Watu wote wa Mangobo walikuwa pale. Angefungua mdomo tu, kila mtu angejua kwamba mpira wa Papa Rebond umekivunja kidole cha binti yake mwenyewe. Akachukua misimu miwili, kisha akachukua boti.

Nilikata simu, nadhani kwa bahati mbaya, nadhani. Baada ya muda akanipigia yeye. Akauliza kama unapenda pilipili katika kisamvu cha pundu, kwa sababu mke wake anaweka nyingi. Akauliza kama unaweza kukaa Kinshasa bila lituma yetu ya ndizi za kuponda, maana yeye ilimchukua mwaka mzima kuzoea. Kisha akasema kitu ambacho ndicho kilichonifanya niketi juu ya sanduku hili.

"Usimuambie mutoto," akasema. "Anione vile ananiona. Tonton iko mingi. Papa iko moja."

Nilimwambia sawa. Nilimpa neno langu, leo asubuhi, si zaidi ya saa tano zilizopita, na sasa nimekuandikia kila kitu. Kwa hiyo nimemkosea mtu yule mara ya pili. Labda nimekosea. Labda yeye ndiye sahihi, na wewe ungesafiri vizuri zaidi ukiwa na baba mmoja mzima na tonton mmoja mbovu kuliko kuwa na wawili wa katikati. Nimejaribu kupima na sijui nianzie ukingo gani. Ninachojua ni kidogo: ulisema "kabla", na ilikuwa kabla. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu na kidole kilichovimba, na katika uwanja mzima mliokuwa na vipimo sahihi mlikuwa wawili, wewe na kidole gumba cha Asumani. Siwezi kukuacha uondoke ukiwa bado unadhani maumivu yalikuchanganya.

Sikuombi umwombe msamaha kwa niaba yangu. Hilo nitakwenda kulifanya mwenyewe, nikimaliza milango, na safari hii mama yako atahesabu milango. Wala usimwambie kwamba unajua, au mwambie, sielewi lipi ni jema. Utaona usoni mwake. Wewe unaona vizuri kuliko unavyofikiri, na kosa la kukufanya ufikiri vinginevyo ni langu.

Nasikia sauti zenu barabarani. Unacheka kwa jambo fulani na mama yako anakuambia usitikise kichwa. Lazima nifunge.

Jambo moja tu. Bandarini kutakuwa na watu wengi, na yeye atakuwa amevaa shati lake bora, pengine ni lile lile. Atakuwa anaogopa. Atakunyooshea mkono kwanza, kwa sababu hatajua kama wewe utamnyooshea wako. Mpe wa kulia, Zaina, na usikikunje kile kidole.

Papa yako